Mstari Ule Sikuuandika Mimi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda shambani? Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira na sitakuficha. Baba Mdogo Elia, shemeji yako uliyemwomba anipokee dukani kwake hapa Kariakoo, amenifukuza kazi leo mchana.

Unajua kazi yangu ni kuandaa mfumo wa vile vishikwambi anavyouza. Ndani kabisa ya mfumo kuna sehemu inayoamua kumbukumbu ya kifaa ipitishe data kwa kasi gani. Niliipanga vizuri: kazi ikiwa nyingi kasi ipande, ikipungua ishuke, kama unavyopunguza kuni mtori ukishachemka. Tatizo, kasi ilichelewa kidogo kupanda, na wateja wa hapa hujaribu kifaa palepale kaunta. Wakiona kinasita, wanahamia duka la pili.

"Weka juu muda wote," akaniambia. "Mteja anataka kuona kinaruka."

"Kitaungua, Baba Mdogo."

Akauliza ni mstari upi unaohusika. Nami, mjinga mimi, nikamwonyesha. Nilipotoka kwenda kula akaubadilisha mwenyewe kwenye kompyuta yangu. Kila badiliko la mfumo ule hubaki na jina la mwenye kompyuta, kwa hiyo likabaki langu.

Leo mwalimu mmoja wa Ilala karudisha kishikwambi cha shule, betri imevimba mpaka mgongo umefunguka. Watoto walikuwa wanakishika, Mama! Baba Mdogo akasema bila haya, "Ni huyu binti, bado anajifunza. Si jina lake hilo hapo?"

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Mstari ule sikuuandika mimi. Vilete vyote nivirekebishe."

"Nani alikuleta mjini, wewe?" Baba Mdogo alifoka mpaka watu wa maduka ya jirani wakatoka kuchungulia. "Kesho nisikuone hapa!"

Kunifukuza anaweza, duka ni lake. Lakini jina langu alilolichafua limebeba la marehemu Baba, kaka yake wa tumbo moja. Hilo simsamehei leo.

Usihofu kuhusu mimi. Fundi mmoja wa Ilala kanipa kona ya meza yake, na Jumamosi mwalimu analeta vishikwambi vilivyobaki.

Msalimie kaka Amani, na umwambie asiache kukukatia majani ya ng'ombe. Msalimie Bibi sana. Disemba Baba Mdogo atapanda huko kama kawaida yake, na atakuambia niliharibu kazi. Mkaribishe ndani, mpe chai. Kisha mpe barua hii aisome kwa sauti, Bibi, mama yake mzazi, akiwa ameketi hapo anamsikiliza.

Binti yako,
Ndeshi