Kuumizwa kwa Wanjugu kwenye Njia Mpya ya Msituni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Felicitas Kinya
Umri: Miaka 59
Kazi: Mwalimu mstaafu
Makazi: Kaaga, Meru
Yameandikwa: Githongo, 15 Februari 2025, alasiri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema niliyoyaona mwenyewe.

Mnamo Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, mwendo wa saa tatu asubuhi, nilifika na rafiki yangu Wanjugu kwenye njia mpya ya matembezi, katika msitu ulio juu ya Githongo. Wanjugu ni jirani yangu, mjane, anauza vitambaa mjini. Daktari alimwambia atembee kwa sababu ya presha. Kule kwetu ni vumbi na pikipiki tu, kwa hivyo Bwana Mutuma, mwenyekiti wa kamati ya njia hiyo, alipokuja kuitangaza kanisani tulifurahi. Alituomba tuiombee. Tuliiombea.

Mutuma mwenyewe alitupokea langoni. Alisema, "Karibu mwalimu, karibu mama. Mkifika kwenye maporomoko, mrudi."

Mpaka kwenye maporomoko palikuwa pazuri. Wanjugu alikuwa akiimba. Pale tuliona njia haikuishia hapo. Ilipanda upande wa pili wa kijito, na huko ilikuwa pana, imechimbwa na magurudumu. Wanjugu akaniuliza, "Hii ni ya kutembea na miguu kweli?" Tukaifuata.

Tulisikia msumeno wa injini kabla ya kuona kitu. Halafu tukaona muuru mkubwa uko chini, na mingine imekwisha kukatwa magogo. Muuru ni mti ambao mtu hapandi leo akavuna yeye. Palikuwa na wanaume wawili wenye msumeno, na trekta. Dereva wa trekta ninamjua, anaitwa Salesio. Nilipiga picha kwa simu yangu. Mmoja wa wale wawili akapiga simu, na baada ya muda Mutuma akaja na pikipiki.

Alisema miti iliangushwa na upepo. Nilimwuliza upepo ulinunua wapi msumeno. Akasema, "Mwalimu, nyinyi wamama mnatafuta nini huku? Nipe hiyo simu." Niliiweka ndani ya nguo. Hapo akamwambia Salesio apakie haraka.

Wanjugu akaenda akakaa juu ya gogo. Hakutukana mtu. Alisema, "Mimi nimechoka, napumzika. Si ulisema hii ni njia ya kupumzisha watu?"

Mutuma alimwambia atoke mara ya kwanza na ya pili. Kisha akamshika mkono wa kushoto akamvuta kwa nguvu zake zote. Wanjugu aliangukia huo mkono. Nilisikia mfupa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na Mutuma amesimama tu anajipangusa suruali.

Salesio alizima trekta, akafungua mnyororo wa gogo. Mutuma akamwuliza anafanya nini. Salesio akajibu, "Mimi niliitwa kubeba mbao. Huyu mama tukimwacha hapa, hiyo kesi ni yangu pia." Yeye na wale wawili wa msumeno walimpandisha Wanjugu kwenye tela, nikamshika kichwa hadi hospitalini.

Mutuma alifika hospitalini kabla yetu. Nilimkuta akimweleza muuguzi, kwa upole kabisa, kwamba mama ni mzee, ameteleza njiani akaanguka. Halafu akanivuta kando: "Sisi ni watu wa kanisa moja. Tuyamalize nyumbani." Nilimwambia nyumbani kwangu hakujakatwa mti wala kuvunjwa mtu. Nimekasirika mpaka sasa, afisa, na sitaki hilo liondolewe.

Wanjugu amefungwa plasta. Aliponiona natoka kuja hapa aliniambia, "Waambie waende leo. Kesho hayo magogo hayatakuwa hapo."

Simu yangu yenye picha nimeikabidhi kwako. Niko tayari kusema haya mahakamani, Mutuma akiwa mbele yangu. Nimemaliza, na yote niliyosema ni kweli.

Sahihi ya shahidi: F. Kinya

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili, ameyakubali isipokuwa neno moja. Pale nilipokuwa nimeandika "aliangukia huo mkono" ameomba isomeke "aliangushwa juu ya huo mkono". Sikufuta neno la kwanza, ila maelezo yasomeke kama alivyoomba. Dereva Salesio yuko nje, anasubiri kuandikisha yake. Askari wameondoka kwenda msituni.

Koplo Mithika