Vidonge Vinne vya Akiba

Jumatatu, 4 Machi

Bega limenishinda. Asubuhi nimeshindwa hata kunyanyua jora la kitambaa. Daktari kanipa dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe: vidonge kumi, siku tano. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, nikiwa nimekula. Kabla ya kuandika aliniuliza maswali mpaka nikajihisi niko mahakamani — vidonda vya tumbo? Figo? Presha? Dawa nyingine? Hapana, hapana, hapana, hapana. Siku tano zikiisha, basi. Likiendelea kuuma nirudi, nisijiongezee. Na nisimgawie mtu! Nikacheka. Nani anagawa dawa kama pipi?

Alhamisi, 7 Machi

Bega limetulia! Nimeshona kola kumi na mbili bila kusaga meno. Nimeacha kumeza, vimebaki vidonge vinne. Nimevitia kwenye kopo la vifungo. Akiba haiozi.

Jumamosi, 9 Machi

Goti la wifi limevimba. Huyu ni mke wa kaka yangu, na ndiye anayenipigia pasi na kushona vifungo hapa dukani. Kutwa nzima kanichokoza: sisi tunaosimama ndio tunaoumwa, wewe uliyekaa ndiye unayetibiwa! Kwa kumnyamazisha, na kwa huruma pia, nikampa vyote vinne. Kutwa mara mbili, nikamwambia. Basi. Sare za shule zimerundikana, nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 14 Machi

Wifi anatembea utadhani kabadilishiwa miguu. Anasema dawa yangu ni kiboko. Jioni kaka kapita kumchukua, akanishukuru kwamba mkewe sasa analala. Nikavimba kichwa. Nilijiuliza kidogo tu — vile vinne si vimekwisha siku nyingi? Nikaacha. Kulikuwa na mapindo ya kumalizia.

Jumanne, 19 Machi

Wifi kapiga pasi mashati manane, akakaa. Midomo imepauka. Nikamtania kwamba ameanza mgomo, akainuka akaenda zake stoo. Wifi ninayemjua mimi akikosa la kusema hulitunga! Nikamfuata kule nyuma kwenye stoo.

Kumbe alipeleka kadi tupu ya vile vidonge vyangu kwenye duka la dawa, wakampa kadi nne nzima bila swali hata moja. Unameza vingapi? Viwili mchana, viwili usiku. Vinne! Nikamwambia mimi nilisema kutwa mara mbili. Akanitazama kama mjinga ni mimi.

“Kutwa si mchana, wifi? Mchana nameza mara mbili, kama ulivyosema. Sasa usiku kucha nikae na goti linawaka? Goti haliendi likizo!”

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwanza. Halafu akaniambia kwa aibu kwamba tangu Jumapili choo chake ni cheusi kama lami. Na tumbo linamkata, na kizunguzungu anacho. Na vidonda vya tumbo anavyo vya zamani. Na dawa ya presha anaendelea nayo kama kawaida.

Yale maswali yote niliyoulizwa mimi, yeye sikumuuliza hata moja. Nilimpa vidonge, maneno ya daktari nikabaki nayo mwenyewe.

Nikamwambia aache sasa hivi, twende hospitali. Akasema kesho, na kaka asijue, atatugombeza wote wawili. Nikakubali! Mtu mzima na akili zangu, nikakubali.

Jumatano, 20 Machi

Ameanguka asubuhi dukani, pasi mkononi. Hospitali wanasema anavuja damu tumboni. Wamemwongezea damu. Figo nazo hazifurahishi, wanatafuta sababu. Daktari akamuuliza ni dawa gani anazotumia. Ya presha tu, akasema, kwa sauti ya chini. Kisha akanitupia jicho.

Alikuwa ananilinda mimi, kaka asijue. Kaka alikuwepo, kamshika mkono. Nami nimesimama palepale na jibu lote ninalo mdomoni.

Sikusema.

Alhamisi, 21 Machi

Nipo kwenye benchi nje ya wodi. Naandika ili mikono ipate kazi.

Kaka kafika na chai, kikombe cha kwanza kanipa mimi. Kasema kama isingekuwa mimi, mkewe angeanguka nyumbani peke yake. “Umeniokolea mke, dada.” Nikakiweka kikombe benchini. Kwapani kaja na mkoba wa wifi, ule uliobaki dukani. Kisa? Wifi ameuulizia tangu asubuhi, goti limeamka tena na anataka kitu chake mle ndani. Kaka akainuka ampelekee.

Nikaushika mkoba. Usimpe, nikasema. Akadhani natania. Tukavutana mkoba kama watoto, mbele za watu, mpaka nikaufungua nikatoa kadi ya mwisho. Imebaki na vidonge. Muuguzi alikuwa anapita, nikampa, nikamweleza yote bila kupumua: vinne kwa siku, zaidi ya wiki, juu ya dawa ya presha, na vidonda vya tumbo anavyo. Hakunigombeza. Aligeuka akaondoka na kadi mbiombio kwenda kwa daktari. Afadhali angenigombeza.

Kaka aliuliza maswali mawili tu, la kwanza dawa ile wifi aliipata wapi.

“Ya kwanza kwangu.”

“Jana ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Ameketi benchi hilihili, lakini ameacha nafasi ya mtu mzima katikati yetu. Mkoba kaukumbatia. Nimemwambia nisamehe kaka, mara mbili. Anatazama mlango.

Muuguzi ametoka, anaita ndugu wa mgonjwa. Tumesimama wote wawili —