Zamu ya Shamba la Mama

Alhamisi, Karatu

Na bado wanamsifia Neema.

Misimu miwili nimezunguka Ganako na projekta, nikiwaonyesha wakulima picha za ukame na udongo unaosombwa na mvua, ili wachimbe makinga maji. Walinisikiliza, wakanywa soda, wakaenda zao. Waliochimba ni watatu.

Neema anajitolea tu ofisini kwetu, na aliishia kidato cha nne. Hakutaja tabianchi hata mara moja. Aliwaita majirani kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wamchimbie mjane mmoja, na mjane akawapikia makande. Leo nimekuta watu wameinama na majembe huku wanaulizana, "Kwangu lini?"

Bosi akasema, "Huyu binti anawajua watu."

Mimi ndiye niliyesoma saikolojia. Kwamba mtu hufuata anachomwona jirani yake akifanya, niliandika mwenyewe chuoni, nikapata A.

Mbaya zaidi, Neema hana hata majivuno. "Si wewe dada uliyetufundisha kwenye semina?" Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Moyoni nilitamani mvua ije ibomoe ile mitaro yote. Mungu anisamehe, mitaro hiyo hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya.

Halafu nikaona daftari lake la zamu. Jina la nne ni la mama yangu mzazi. Misimu miwili nilimsihi, akadai mgongo unamuuma.

Jioni nilimuuliza. Hakuacha hata kuchambua maharage.

"Jumamosi uje na jembe," akasema. "Neema anataka kila nyumba itoe mtu."