Kikao cha Dharura Kuhusu Pampu Tuliyoikosa kwa Kuficha Ndoo

KAMATI YA MAJENGO YA NYUMA YA SOKO: KIKAO CHA SITA

Tarehe: Jumamosi, 9 Machi
Mahali: Kibanda cha Fundi Viatu, chini ya ngazi
Muda: saa 4:00 asubuhi kwa tangazo, saa 5:10 kwa ukweli

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mke wa Mwenyekiti (Usafi), Mama Cherehani (ghorofa ya nne), Fundi Viatu, na Katibu (mwalimu mstaafu).
Hakuhudhuria kwa udhuru: Mjumbe wa Maji (yuko kwenye foleni ya maji).

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa hotuba ndefu kuhusu mshikamano. Fundi Viatu aliomba twende kwenye ajenda, ana viatu vya watu.

KUMB. NA. 2/6: BARUA YA SERIKALI
Katibu alisoma barua kutoka Ofisi ya Mpango wa Kuinua Maisha ya Wakazi wa Kipato cha Chini Mijini. Ilieleza kwamba afisa aliyetutembelea mwezi uliopita "hakuona foleni, ndoo wala mkazi akipandisha maji," hivyo pampu ya kupeleka maji ghorofani imepewa mtaa mwingine. Sisi tumepewa cheti cha Mtaa wa Mfano, kitakachokabidhiwa Alhamisi.
Fundi Viatu alisema, "Makubwa haya!"

KUMB. NA. 3/6: NANI ALIFICHA NDOO
Ilikumbushwa kwamba siku ya ziara Mwenyekiti aliagiza ndoo zote zifungiwe stoo kwake, na akina mama wasionekane ngazini hadi mgeni aondoke. Mwenyekiti alijitetea kwamba mgeni akija lazima nyumba ifagiliwe. Mama Cherehani aliuliza kama afisa alikuja kuposa. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka.
Mke wa Mwenyekiti alikiri kuweka maua ya plastiki juu ya bomba, akaomba radhi. Fundi Viatu naye alikiri kwamba afisa alipomuuliza hali ya hapa ikoje, alimjibu, "Nzuri tu, mkuu, tunashukuru." Alisema ndivyo anavyomjibu kila mtu, hakujua huyu anaandika.

KUMB. NA. 4/6: GOTI LA MAMA CHEREHANI
Mama Cherehani alieleza kwamba goti limevimba, na hospitali wamemkataza kupanda ngazi na mzigo. Anapandisha ndoo sita kwa siku, kwa kuwa mama mkwe wake hatoki kitandani na lazima aogeshwe. Goti hilohilo ndilo la kukanyagia cherehani. Alisema alikuwa anahesabu siku pampu ije. "Sasa mama mkwe nimwogeshe na cheti?"
Hapo alilia. Katibu anaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na Katibu mwenyewe hakuwa sawa.
Mwenyekiti alipendekeza iundwe kamati ndogo ya goti. Hakuna aliyeunga mkono.

KUMB. NA. 5/6: MAANDALIZI YA ALHAMISI
Mwenyekiti alisema kukataa cheti ni kukosa adabu, na watu wa televisheni watakuja. Aliomba wanaokubali ndoo zifichwe tena wanyooshe mikono. Ulinyooshwa mkono mmoja, wa kwake. Akamtazama mkewe.
Mkewe alisema, "Baba watoto, maji yako ya kuoga nayapandisha mimi mwaka wa kumi na mbili huu. Usinitazame hivyo. Leo kapandishe mwenyewe."
Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Katibu ameyaandika.
Iliazimiwa, kwa kura nne dhidi ya moja, kwamba cheti kitapokelewa ghorofa ya nne, kando ya kitanda cha mama mkwe, na kila mgeni, afisa akiwa wa kwanza, atapanda na ndoo yake ya maji. Ijae.

KUMB. NA. 6/6: KUFUNGA
Hapakuwa na mengineyo. Watu walianza kuondoka saa 6:40 mchana, Mwenyekiti akiwa bado anasema.

Katibu: (sahihi)
Mwenyekiti: (sahihi, imelowa kidogo, alisaini ghorofa ya tatu alipotua ndoo kupumzika)