Mikono ya Mama Ndani ya Kompyuta

Nyumbani,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu tele zikufikie wewe, wifi yangu na binti yetu, ambaye nasikia sasa anasimama dede na kuvuta kila kitambaa cha meza. Hamjambo nyote? Kile kikohozi chako kimeisha, au bado unakibembeleza kama mgeni? Tafadhali kanywe dawa, usingoje nije kukunywesha mimi.

Huku tu wazima. Mimi bado nafundisha watu kuendesha gari na bado sijagongwa. Shemeji yako bado anatengeneza mafriji ya mtaa mzima, isipokuwa letu. Mama naye mzima wa mwili, ila vidole vinazidi kukaza. Kila asubuhi anavichovya kwenye maji ya uvuguvugu kabla hajasema lolote na mtu. Wewe unajua, kiziwi wa kuzaliwa vidole ndivyo sauti yake, hana nyingine ya kuazima.

Najua unajiuliza ziko wapi zile video nilizokuahidi. Nimekaa kimya muda mrefu na kimya changu si cha kawaida, hata wewe utakubali. Nilitaka niandike nikiwa na habari njema mkononi. Sasa ninazo, kasoro moja tu, na hiyo nitakueleza mwishoni.

Siku ile uliponiambia kwenye simu kwamba daktari amethibitisha binti hasikii, ulisema neno moja likanichoma: nitaongea naye nini? Nilimweleza mama. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yanapatikana wapi huku amesimama mtoni. Kesho yake akavaa gauni lake la bluu, akakaa dirishani penye mwanga, akaniagiza nimtafutie kamera. Alitaka kurekodi ishara zetu zote za nyumbani, zile alizotulea nazo, ambazo hazifundishwi shule yoyote. Alitaka kuziwahi kabla vidole havijamkatalia kabisa.

Kamera tuliazima kwa jirani, yule mpiga picha za harusi, pamoja na kadi zake mbili za kuhifadhia. Video zilikuwa nzito, kompyuta yetu ya zamani ikashindwa hata kuzifungua. Ndipo shemeji yako akapendekeza tuunde mpya wenyewe. Tukanunua vifaa kimoja kimoja, tukaviunga juu ya meza ya chakula, tukala kwenye magoti wiki nzima. Ilipowaka mara ya kwanza mama alipiga makofi. Basi nikanakili kadi ya kwanza, nikaangalia juu juu, nikaona mambo safi. Shemeji yako akaifuta kadi na kumrudishia jirani, maana alikuwa na harusi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Haikupita siku nyingi kompyuta ikaanza vituko. Ukiwa katikati ya kazi, skrini inageuka bluu, inajizima, inajiwasha tena kana kwamba haijui ilichofanya. Faili lililofunguka jana leo linakwambia limeharibika. Kibaya zaidi zilikuwa video. Mama anaonyesha ishara, mara vinatokea vipande vya kijani na kummeza mkono. Yaani uso unaona, gauni unaona, lakini mkono, ambao ndio maneno yenyewe, huuoni.

Tukaanza kutafuta mchawi. Shemeji yako kwake kila ugonjwa duniani ni joto, kwa hiyo alifungua ubavu wa kompyuta akaielekezea feni kubwa ya sebuleni, sisi tukabaki tunajipepea kwa magazeti. Haikusaidia. Mimi nikashuku umeme, nikahamisha soketi. Tukabadilisha nyaya, tukabadilisha diski, tukafuta mfumo wote na kuuweka upya. Kila tulipofanya jambo ilitulia kidogo, tukapongezana, kisha ikazima tena. Mwishowe tukamlaumu jirani na kamera yake, masikini, na yeye alikuwa ametusaidia bure.

Nilichofanya baada ya hapo hakikuwa kizuri. Nilimwomba mama arudie kurekodi. Hakukataa. Alikaa pale pale dirishani akaanza, na nikaona kwamba zile ishara alizozifanya miezi michache tu iliyopita, nyingine sasa haziji. Alijaribu moja, vidole vikagoma. Akaviingiza kwenye mifuko ya sweta na kunitazama akitabasamu, kama mtu aliyekamatwa na kosa. Niliingia jikoni nikalia. Nilihisi tumeua kitu ambacho hakizaliwi mara mbili, na kwamba binti yako atakua bila hata neno moja la bibi yake.

Lakini mama hakuwa amekata tamaa, alikuwa anatazama. Alirudi mbele ya kompyuta, akaitazama video moja, akairudia, akairudia tena. Kisha akaja kunivuta kwa mkono wa blauzi. Alinionyesha kwamba asubuhi kompyuta ilikula mkono wa kushoto kwenye ishara ya maji. Sasa maji yako kamili, imekula gumba kwenye ishara ya kulala. Nikamwambia anakosea. Akanikalisha. Tukaitazama, na kweli, kila tukirudia vipande vya kijani vilitokea mahali pengine.

Mdogo wangu, hilo hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza angelielewa. Gari likizima kila mara kwenye kilima kile kile, shuku kilima. Likizima popote linapojisikia, acha kukilaumu kilima, fungua boneti. Video haikuwa na kasoro. Aliyekuwa anaisoma ndiye mgonjwa.

Shemeji yako alijipiga paji la uso. Ndani ya kompyuta kuna vijiti viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita RAM. Kila kitu lazima kipitie hapo kabla hujakiona au kukihifadhi. Mama, baada ya miaka yote ile ya kuoka mikate kiwandani, nilimweleza kwamba hiyo ni meza ya kukandia: ikiwa chafu, utabadilisha unga na tanuri mpaka uchoke, mkate utatoka na mchanga tu. Alielewa kabla sijamaliza.

Tulichomoa kijiti kimoja, tukaendesha programu ya kupimia kumbukumbu. Skrini ikajaa mistari myekundu. Tukakitoa na kile kilichobaki ndani, tukarudisha mwenzake. Programu ikapima mpaka mwisho bila kosa hata moja. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na tena tulikinunua kikiwa kwenye pakiti. Tangu hapo kompyuta inatumia kijiti kimoja, ni nzito kidogo, lakini haijazima hata mara moja. Feni imerudi sebuleni.

Kadi ya pili ilikuwa bado tunayo, tukaipakua upya na kila kitu kikatoka safi. Za kadi ya kwanza nazo, karibu zote zilikuwa nzima. Njaa, mvua, samahani, njoo nikukumbatie, hata ile ishara ya kumsengenya shangazi akiwa amekaa hapo hapo. Zote zipo.

Imepotea moja tu. Hiyo iliharibika wakati wa kunakili, na kadi yake ilishafutwa ikajaa bibi harusi wa watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Shemeji yako ameomba radhi sana. Wanasema kosa moja haliachi mke, nami nimeona msemo huo umsitiri na mume.

Iliyopotea ni jina lako. Unalikumbuka? Vidole viwili vinapishana, kisha vinagonga shavu, kwa ajili ya yale mashavu yaliyojaa unga wa kuiba. Ndiyo ishara iliyomshinda mama siku ile dirishani. Vidole vyake havipishani tena. Nilitaka niifanye mimi badala yake, kamera ikiwa tayari, lakini mama aliushusha mkono wangu. Akauliza, kwani mwenye jina hana mikono?

Kwa hiyo ndani ya flashi hii, niliyoifunga kwa soksi ili isivunjike, kuna sehemu tumeiacha wazi. Jina la binti yako mama ameshalipata, lakini hataki kutuonyesha hata sisi mpaka aone kwanza lako. Kaa penye mwanga, mpakate mtoto, jirekodi, ututumie. Hata ukikosea. Uliuliza utaongea naye nini. Anza na jina lako.

Nisalimie wifi, na mama mkwe wako. Shemeji yako na shangazi wanakusalimu. Mungu awalinde, aipe nguvu mikono yenu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininyamazia.

Mama ameomba nimwachie nafasi hapa chini. Hajui kuandika mengi, lakini amechora mkono wake kwa kuuzungushia kalamu. Mwekee binti kiganja chake juu yake.