Sukari ya Wahispania

Baba yangu mpendwa,

Barua hii naiandika kwa herufi za Kizungu, unisamehe. Za Kiarabu ulinifundisha mwenyewe, na mgongo wangu unakumbuka kila moja. Hizi nimezipata juzijuzi, nikiwa na binti wa kuozwa, katika darasa la ngumbaru, dawati moja na mama mkwe wangu, ambaye mpaka leo hunichungulia majibu.

Unakumbuka nilivyovunjika mguu? Ilikuwa miaka ya hamsini, mpunga unakaribia kuiva, ukaniweka juu ya dungu nifukuze ndege. Nikalala. Wenzangu walikuwa wakilala na kuamka. Mimi nililala nikaanguka. Ulinibeba mgongoni kutoka shambani kwetu Wenje hadi mtumbwini, ukanishusha na mto Tana mpaka hospitali ya Ngao, na njia nzima unanisimanga: "Ndege wamekula, na mlinzi amevunjika. Hasara juu ya hasara, Hadija." Lakini kila nilipolia uliacha kupiga kasia, ukanishika kichwa. Na hilo nalikumbuka. Usidhani nimekaa kitako kuandika mabaya tu.

Ukaniacha huko mpaka mfupa uunge. Muuguzi wa wodi yetu, ambaye sote tulimwita Sista, alikuwa Mwingereza kwa baba na Mhispania kwa mama. Akitia sukari kwenye uji wangu huitaja kwa lugha ya mama yake: azúcar. Nikamcheka. "Sista, hiyo ni sukari yetu, mmeivisha kilemba." Akaweka kijiko chini, akanitazama. Tangu siku hiyo hatukuacha. Limau letu, kwa Mwingereza ni lemon, kwa Mhispania limón. Zafarani ni saffron, na huko azafrán. Sifuri yetu kwao ni zero na cero. Na "hata" yetu, ile ya wazee wanaposema "hata jioni", Mhispania anayo mpaka leo: hasta. Sista akanieleza kwamba Waislamu walitawala Uhispania kwa mamia ya miaka, na walipoondoka maneno yao yalibaki, kama Tana inavyofurika ikashuka ikatuachia udongo mweusi shambani. Mengine yakapita nchi hii na ile hadi yakafika kwa Waingereza.

Kabla sijarudi nyumbani akaniambia, "Muombe baba yako. Utakaa kwetu, utasoma, halafu utakuwa muuguzi. Lori letu litakwenda Garsen kuchukua dawa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nikikuona kivukoni tutarudi pamoja."

Baba, sijawahi kutaka kitu namna ile, kabla wala baada.

Nilikungoja ule, unawe, uegemee ukuta. Nikasema. Ukanijibu kabla sijafika mwisho: "Lugha ile ni ya makafiri. Leo utasoma lugha yao, kesho utavaa msalaba wao." Hofu yako niliielewa, na dawa yake nilikuwa nayo mdomoni.

"Baba, sukari ni neno la makafiri?"

"Sukari ni Kiarabu. Umesahau niliyokufundisha?"

"Basi sikia Mhispania anavyoiita."

Ee baba! Hata siku ya Idi sijakuona na furaha ile. Ulipoisikia azúcar uliruka kutoka mkekani. "Hiyo a ya mbele ni al yetu! As-sukkar! Wamechukua sukari wakaondoka na mlango wake!" Ukataka lingine, na lingine. Nikakumwagia karibu yote niliyokuwa nayo. Ukamwita mama aje asikie. Mimi moyoni nilikuwa nimeshafunga nguo zangu.

Halafu ukajifuta machozi ya kicheko, ukasema, "Umeona, mwanangu? Yote wamechukua kwetu. Sasa utoke kwenye asili ukafuate nini kwa walioazima? Kaa papa hapa yalipoanzia."

Wenje, baba. Sukari ilianzia Wenje.

Mama alinifuata jikoni. "Ungenyamaza wewe," akaninong'oneza. "Baba yako akifurahi ndiyo hasikii kabisa."

Alhamisi ile nilikuwa juu ya dungu, nikilinda mahindi yasiliwe na nyani. Sikulala.

Hata hapo sikukukasirikia sana. Nilijiambia ndiyo sheria ya nyumba yetu, na sheria haina macho. Kilichonikata ni cha mdogo wangu Bakari. Nilikuwa nimeshaolewa, kwa mume mwema asiyejua limau kwa Kihispania wala asiyeona haja ya kulijua. Nikasikia unampeleka Bakari shule, kule kule Ngao. Nikaja kumuaga. Nilimkuta ameng'ang'ania nguzo ya nyumba, analia hataki kwenda, nawe umechuchumaa unambembeleza: "Usiogope, mwanangu. Kiingereza ni maneno yetu yale yale. Sukari, limau, sifuri. Nenda ukayarudishe nyumbani."

Nikasimama mlangoni na kikapu changu cha ndizi. Ukainua uso, ukatabasamu. "Hadija, hebu mwambie na lile la zafarani."

Nikamwambia.

Kwenye khitima yako Bakari alisimama na suti yake, akawasimulia watu jinsi marehemu alivyogundua, peke yake na kibatari chake, kwamba Mhispania na Mwingereza wote wamekopa kwa Mwarabu. Watu wakasema mashallah. Sisi wanawake tulikuwa nyuma kwenye masufuria. Shangazi akanipiga kiwiko: "Umesikia kichwa cha baba yako? Na wewe ulirithi nini?"

"Masikio, shangazi."

Alicheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. Nami nilicheka. Moshi ulinisitiri.

Bakari simlaumu; amesimulia alichosikia kwako. Ninayemlaumu ni wewe. Wanasema marehemu hasemwi, lakini ulipokuwa hai pia hukusemeka, sasa niseme lini? Nimengoja miaka hii yote hasira ipoe, nayo imekaa tu, kama mgeni aliyezoea nyumba.

Kuna neno moja sikukupa jioni ile. Mhispania akitamani jambo kwa moyo wake wote husema ojalá. Sista aliniambia hilo nalo limetoka kwa Waarabu, na ndani yake yumo Mwenyezi Mungu: laiti angependa. Nililificha makusudi. Nilitaka kulisema mwenyewe, pale utakaponigeukia uniulize, "Na wewe Hadija, unataka nini?"

Uligeuka, kweli. Ukamuuliza mama kama chai iko tayari.

Pumzika, baba. Nimeshasema.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza