Kikohozi Nisicho Nacho

Jumatatu, 3 Machi
Mashati kumi na mawili ya sare, na mikono yote nimeshona ya kushoto! Fundi hakufoka. Bora angefoka. Kanipa wembe nifumue. Nimefumua matatu, nikatoka nje, nikasahau nilifuata nini. Shangazi aliyenilea ananiita Kiguu na Njia tangu darasa la kwanza. Sasa nina miaka ishirini na mmoja.
Chooni nimekunywa nusu chupa ya dawa ya kikohozi. Kichwa kikanyamaza. Tisa yaliyobaki nimefumua bila kuinua macho.

Alhamisi, 6 Machi
Nusu haitoshi tena.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kakuta chupa tano kwenye gunia la vipande vya vitambaa. Kasema niende zahanati au nisirudi kazini. “Cherehani haina mzaha, mwanangu. Leo shati, kesho kidole.”

Jumanne, 11 Machi
Daktari kauliza: ulikuwa unapoteza madaftari? Unakatiza watu maneno? Mbona ananijua! Kasema ni hali ya ubongo kushindwa kutulia, mtu huzaliwa nayo. Si ujeuri. Wengi wasiotibiwa hukimbilia chochote cha kuwatuliza — sigara, pombe, chupa. Nimelia kama mtoto.
Lakini dawa ya hali yenyewe sipewi mpaka nimalize wiki nne bila chupa. Na aje mtu aliyenijua nikiwa mdogo, aeleze nilivyokuwa. Wiki nne! Dakika nne zinanishinda. Nitupe mkongojo kwanza, ndipo nipewe mguu.

Jumamosi, 15 Machi
Siku nne kavu. Natetemeka. Nimemtukana mteja. Shangazi kacheka: siku hizi utundu nao una daktari?
Jioni — chupa moja. Basi tena.

Jumatano, 19 Machi
Benchi la zahanati. Shangazi kaja! Kavaa viatu vya kutokea. Yuko ndani, mlango haujafungika vizuri, nasikia yote. Anasema marehemu mama yangu alikuwa vivi hivi, hatulii, mpaka pombe ikammaliza. “Nikaapa huyu hatafuata njia ile. Nikamchapa. Nimemchapa sana, daktari.” Analia. Shangazi, analia!
Daktari kauliza, ameacha?
“Ameacha. Wiki nzima. Mwanangu hanidanganyi.”

Nimemwambia karani naenda kunywa maji. Bomba liko mle mle ndani ya zahanati. Mimi nimevuka barabara, naandika juu ya kaunta ya duka la dawa. Shangazi katoka mlangoni, kashika mkoba wangu niliouacha kwenye benchi, anageuka huku na huku. Ananiita. Muuzaji anauliza, nikupe ile ile?